Neno Nililolitafsiri Nusu

Mwanangu Raya,

Barua zetu huanza kwa mwandishi kusema kwamba yeye ni mzima wa afya, ila hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Ulipokuwa mdogo, ndiyo kwanza umejua kusoma, ulinisomea barua ya shangazi yako wa Unguja. Ulipofika hapo ukasimama. “Shangazi anaogopa nini juu yangu?” Nikakwambia haogopi kitu, ndivyo barua zinavyoanza. Ukanitazama mkono, si uso, kama kawaida yako, ukasema, “Basi kwa nini kaandika?”

Kwa hiyo hii naianza kwa habari zilivyo. Goti la kushoto linaniuma. Chai imepoa. Mama yako yuko uani anazifua sare zako mara nyingine, ili wanga uliotiwa dukani utoke wote, maana anajua nguo ngumu hukukwaruza ukashindwa kufikiri. Alasiri imeingia na kesho unasafiri kwenda Unguja. Nitakukosa sana, hilo sitalizungusha. Lakini hofu sina. Nilicho nacho ni hamu ya kujua itakuwaje, na hamu hiyo ninayo tangu siku ulipozaliwa ukakataa kulia mpaka Bi Mize mkunga akakupiga kofi.

Namna ya kukaa kwa shangazi, kula, kuswali na kutunza vitu vyako nakuachia mama yako, ambaye kakwambia yote na wewe umeyakariri. Mimi nina jambo moja tu la kukuandikia, nalo ni neno. Ndiyo ada yangu. Mtu aliyekuwa mkalimani wa hospitali muda wote huu hana urithi mwingine wa kumpa mtoto.

Nimepata habari kwamba kabla hamjaanza masomo ya unesi, kila msichana atapimwa na daktari. Atapigwa picha ya kifua, atatazamwa meno, kisha ataulizwa: tangu utotoni umewahi kuambiwa una maradhi gani? Wenzako watasema surua, watasema homa, yataisha. Wewe utajibu ulichoulizwa, chote, kwa sababu hujui kujibu nusu. Na jibu lako linaweza kukufanya urudishwe kwa meli itakayofuata. Basi nataka ujue jibu hilo limetoka wapi, maana nililitengeneza mimi, na fundi wake hakuwa hodari.

Ulikuwa na umri wa miaka minne. Ulikuwa ukisema maneno machache, nayo si yako: ulirudia ya watu, kwa sauti zao. Bi Mize akipita akisema “hodi”, ulisema “hodi” mpaka jua linatua. Ukiitwa hukugeuka. Mama yako akaamini u kiziwi, akakuleta hospitali kutazamwa masikio. Wakati huo palikuwa na daktari wa kupita, Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyesomea watoto huko kwao. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa zamu. Kwa hiyo siku ile nilikuwa baba upande mmoja wa meza na mkalimani upande wa pili, na sijui kwa hakika nilikaa wapi.

Alikuita. Jina lako lilimshinda, akasema “Raia! Raia!” kama anayehutubia mkutano wa hadhara. Hukugeuka, na kwa kweli hata mimi nisingegeuka. Ulikuwa umeshika kifuniko cha kopo la maziwa, unakizungusha sakafuni na kukitazama kwa pembeni, shavu limelala chini. Alipiga makofi nyuma yako, hukushtuka. Kisha chumba cha pili mtu akakwangua sufuria. Ukaziba masikio ukapiga kelele mpaka wagonjwa waliokuwa barazani wakasimama. Daktari akatabasamu. Masikio yalikuwa mazima.

Alikukalia muda mrefu kuliko nilivyomwona akimkalia mgonjwa yeyote. Namshukuru kwa hilo. Alilala chini na suti yake nyeupe akakitazama kifuniko na wewe. Mwisho akainuka, akapangusa magoti, akanitamkia neno ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi nililisikia “otistiki”. Nikamwomba alirudie, akalirudia. Nikamuuliza maana yake, akasema linatokana na neno la zamani la Kigiriki lenye maana ya nafsi, kwamba mtoto huyu anaishi ndani ya nafsi yake.

Mama yako alikuwa akinitazama mdomo. “Kasemaje?”

Raya, nimetafsiri kifo, nimetafsiri kukatwa mguu, nimewatafsiria wanaume mambo ambayo siwezi kuyaandika kwa binti. Siku ile nilikwama. Nikakumbuka maneno mengine ya Kiingereza yenye mwanzo huo, likaja moja lililohusu nafsi kujiendeshea mambo yake. Nikasema, “Kasema mtoto anajitawala.”

Mama yako akavuta ukaya kichwani. “Hilo ndilo lililomleta kutoka Ulaya? Nani hapa asiyejua?”

Ndivyo lilivyozaliwa. Jioni hiyo lilifika kijijini kwetu Tumbe kabla yetu. Kila aliyeuliza mtoto kaonekana ana nini, mama yako alijibu kwa ushujaa kwamba daktari kasema anajitawala, na watu wakaitikia kwa vichwa, kwani lilikubaliana na walichokiona. Ukikataa kula samaki aliyegusana na wali, “anajitawala huyo.” Ukivua nguo mpya katikati ya harusi, hivyo hivyo. Wakati ule halikuwa neno la siasa. Siku hizi kila mkutano vijana wanalipigia kelele, na juzi Mzee Faki wa dukani akanitania kwamba binti yangu kapata madaraka yake mapema kuliko nchi nzima.

Lakini hilo la neno unalijua, umecheka nalo mwenyewe. Lipo la pili ambalo hulijui, wala mama yako halijui.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza daktari swali la mwisho, na hili nililiuliza kama baba. Nilimuuliza mtoto wa namna hii akikua hufanya kazi gani. Alitazama dirishani kidogo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa akitafuta cha kunipa. Akasema, pengine kazi ya mikono, iliyo nyepesi, mbali na watu.

Nikamgeukia mama yako nikasema, “Kasema atafanya kazi ya mikono.” Nikanyamaza.

“Mbali na watu” sikuyasema. Najua utaniuliza kwa nini, kwa hiyo nimelifikiri. Ningependa kusema nilikulinda, lakini huo ungekuwa uongo uliovaa kanzu. Nilivyo mimi ni mkalimani: nikisikia jambo hulitafuta kwanza kwa macho, kisha ndipo nalisema. Nikapatafuta mahali palipo mbali na watu hapa petu, sikupaona. Shambani kuna wachumaji wa karafuu wanaimbiana. Pwani samaki mmoja ana wateja saba. Kisimani kuna foleni na umbea wake. Hata kaburini mtu hupelekwa na umati na hulazwa karibu na jirani. Yale maneno hayakuwa na mahali pa kutua, nikayaruka kama mtu arukavyo dimbwi, nikijua nimeliruka.

Na tazama lilivyokuwa. Mama yako alichukua “kazi ya mikono” kama amri kutoka juu. Alikufundisha kusuka ukili wa mikeka, kushona kofia, kupara samaki, kukanda, kufua. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia “mbali na watu”, alikuchukua kila mahali alikokwenda yeye, na mama yako mguu wake hautulii. Ngomani ulikaa nyuma umeziba masikio. Matangani, arubainini, kwa wazazi waliojifungua, kote ulikuwapo, pembeni, mikono ina kazi. Najiuliza mara nyingi: ningelitafsiri lote, ungekuwa wapi leo? Nadhani ungekuwa chumba cha uani, unashona kofia nzuri sana, na mlango umerudishwa. Sisi si watu wabaya, lakini daktari akisema tunatii.

Usinifanye shujaa lakini. Kosa langu kubwa nililifanya baadaye, kwa ustadi wote, na nusura likuue.

Ulipopata maneno yako mwenyewe, nadhani una miaka sita, yalikuja yote pamoja, na yalikuwa kweli tupu. Siku moja Bi Hadia wa Msuka alipita akakuuliza, kama ada, “Za nyumbani?” Ukamwambia. Ulimwambia baba na mama wamegombana kwa sababu ya samaki, changu mkubwa, kwamba mama kasema atarudi kwao, na kwamba choo kimejaa. Bi Hadia alikaa kitako akataka kusikia zaidi. Mama yako alikosa pa kuuficha uso.

Mimi nikaona hili ni jambo la lugha, na lugha ndiyo kazi yangu. Nikakukalisha nikakufundisha: ukiulizwa habari, sema njema. Ukiulizwa hujambo, sema sijambo. Za nyumbani, nzuri. Za kutwa, salama. Uliuliza, “Hata zikiwa si nzuri?” Nikasema hata zikiwa si nzuri, ndivyo watu wanavyojibu. Uliyashika jioni moja. Kesho yake ulipita njia nzima ukijibu kila mtu, na watu wakanipa mkono. Nilitembea kifua mbele, Raya. Nilijiona nimemshinda yule daktari.

Masika yale ukashikwa na homa. Asubuhi nilikuuliza hujambo, ukasema sijambo. Mama yako akakuuliza habari, njema. Chuoni, kwenye Kurani, mwalimu akakuuliza, njema. Bi Mize akakukuta umekaa kivulini umeinamisha kichwa, akauliza za kutwa, ukasema salama. Kutwa nzima uliulizwa na watu waliokupenda, na wote uliwajibu kama nilivyokufunza. Jioni mama yako alipokushika akuogeshe akapiga ukelele, ulikuwa unawaka. Tulikubeba usiku huo mpaka hospitali umeshaanza kukakamaa.

Ulipoanza kupata nafuu nikakuuliza, na nilikuwa nalia, sikujua hata naulizaje. “Mbona hukusema?”

Ukasema, “Hukuniuliza. Umeniuliza habari.”

Tangu hapo ndipo nyumbani kwetu pakawa na swali la pili. Tunasalimiana kama watu, kisha tunaulizana: na mwili? Wageni walituona wa ajabu. Mimi nilikwenda nalo hospitali. Maana sisi wote ni kama ulivyokuwa wewe siku ile, ila sisi tunajua kuwa tunacheza. Mtu analetwa kwa machela, daktari anamuuliza habari, anajibu njema, alhamdulillahi. Nami miaka kadhaa nilikuwa nikitafsiri: anasema hajambo. Sasa nikaanza kuinama na kuuliza, “Hiyo njema tushaisikia. Na mwili?” Hapo ndipo mtu hufungua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba maradhi hufichwa na adabu. Hilo nililisoma kwako, na sikuwahi kukushukuru kwa sababu niliona aibu namna nilivyolisoma. Asante.

Nakumbuka pia namna nilivyokuwa nikikupimia kazi, kama mtu anayemjaribisha mtoto viatu vya watu. Duka la Mzee Faki? Ungewaambia wateja mchele una wadudu kabla hawajauliza bei. Ualimu? Darasa zima likizungumza pamoja ungetoka ukakaa chini ya mfenesi. Kushona kofia uliweza vizuri, ila mwenyewe ulisema kofia haikujibu ukiiuliza kitu. Hilo lilinishangaza. Nilikuwa nimeshakubaliana na yule daktari katika moyo wangu kwamba wewe hutaki watu. Kumbe unawataka, ila wanakuchosha, na hayo ni mambo mawili.

Unesi haukunijia akilini kabisa. Ulimjia Bi Mize. Mama yako alikuwa akikupeleka kwa wanaojifungua ukamsaidie maji na vitambaa, na Bi Mize akaanza kukuita mwenyewe. Nikamuuliza anakutakia nini. Akaniambia, “Wenziwe nkiwaleta, humwambia mzazi ‘ni karibu, ni karibu,’ tangu magharibi mpaka alfajiri. Yuno wako akiulizwa ‘bado sana?’ husema ‘bado.’ Mzazi hupumzika. Akija kusema ‘sasa,’ mzazi humwamini.” Alinicheka nilivyokaa mdomo wazi. “Weye baba yake hukulijua hilo?”

Sikulijua. Na kwa kuwa nimejifunza kukwambia lote, nalitaja na la Mzee Kombo, jirani yetu aliyeugua tumbo mwaka ule. Tulikwenda kumtazama, watu wakamwambia mkewe kila mmoja kwa zamu, leo naona kapata nafuu, leo uso umechangamka. Wewe ukasema, mbele ya mkewe, “Huyu anakufa.” Alikufa siku ya pili. Mkewe hakutusemesha mpaka eda ikaisha, na wapo waliosema mdomo wako una husuda. Ulinijia ukauliza, “Alikuwa hajui?” Nikakugombeza. Nilikugombeza kwa sababu nilikuwa na aibu, na kwa sababu swali lako sikuliweza. Nimelichukua swali hilo mpaka leo. Nadhani mkewe alikuwa anajua. Nadhani wote tulikuwa tunajua, na zile “kapata nafuu” tulizokuwa tukisema zilikuwa namna ya kumshika mkono bila kumshika. Lakini sina hakika, na wewe unakwenda mahali ambapo utaulizwa hili kila siku, na utalijua kuliko mimi. Ukilijua niandikie.

Sasa turudi kwa yule atakayekupima. Nimekaa hapa tangu adhuhuri nikilipima jibu lako kama mtu anayepima dawa.

Ukimwambia “otistiki”, huenda asilijue, kwani mimi hospitali nzima sijalisikia tena tangu siku ile. Akiwa halijui atadhani ni maradhi ya kuambukiza. Akiwa analijua, atalijua kwa namna ya yule wa kwanza, pamoja na mkia wake wa “mbali na watu”, na nesi aliye mbali na watu hakuna. Ukimwambia “ninajitawala”, katika zama hizi, ofisini mwa serikali, binti wa Kipemba! Wataita askari kwanza, wataniita mimi baadaye. Na nikikwambia useme “sina”, nitakuwa nimekufunza njema nyingine, na hiyo ya kwanza yatosha kwa umri wangu.

Lipo jambo jingine linalonisumbua, nalo ni la udadisi tu. Yule daktari alikutazama kwa saa moja, kwa lugha usiyoijua, kwa jina lisilo lako. Mengi aliyoyaona yalikuwamo, siwezi kukana: kifuniko kilikuwamo, sufuria ilikuwamo, na leo bado hutazami mtu machoni na bado ukichoka maneno hukukimbia. Neno lake si uongo. Lakini alisema lilivyo na akasema litakavyokuwa kwa pumzi moja, na mimi sikuona palipoungwa. Je, yeye alipaona? Nani alimfundisha kwamba mtoto anayezungusha kifuniko atakuja kuwa nani? Kama yu hai ningependa kumuuliza, bila ugomvi, kwa chai.

Nilikuwa nimefika hapa, kalamu iko hewani, nawe ukaingia.

Nayaandika yaliyopita kama yalivyopita, ingawa ulikuwapo, kwa sababu nataka uwe nayo kwa maandishi.

Ulisema, “Mama auliza viatu vyeusi viwekwe juu au chini.” Kisha ukauliza, “Waandika nini?”

“Barua.”

“Ya nani?”

“Yako.”

“Mie si niko hapa?”

Nikakupa uisome. Ulisoma umesimama. Ulipofika kwa “mbali na watu” kidole chako kikasimama. Ulisoma mstari ule tena.

“Yule daktari aliniuliza mie?” ukasema.

“Ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa bado hujui kusema.”

“Basi alijuaje?”

Ukaendelea mpaka mwisho, ukairudisha karatasi mezani, ukainyoosha pembe iliyojikunja. Nikakuuliza, “Umekasirika?”

Ukalifikiri, kama unavyolifikiri kila swali, mpaka mtu anatamani asingeuliza. “Sijakasirika. Najiuliza huko mbali na watu kungekuwaje. Kuna kimya?”

“Nadhani kungekuwa na kimya sana.”

“Ningekaa kidogo,” ukasema. “Kisha ningetoka.”

Nilicheka mpaka mama yako akaita kutoka uani kuuliza kuna nini. Halafu nikakuuliza lile nililokuwa nikiliogopa tangu adhuhuri. Nilikuuliza kama mtu anayeuliza njia. “Atakayekupima akikuuliza, utamwambia neno gani?”

“La daktari silijui, la kwako si sawasawa,” ukasema. “Ntamwambia ilivyo.”

“Ilivyoje?”

Ukatazama mkono wangu wenye kalamu. Nikafahamu. Nikaanza kuandika, nawe ukasema polepole, ukinisubiri kila nilipochelewa, kama nilivyokuwa nikiwasubiri madaktari.

“Tangu mdogo nasikia sauti zote pamoja. Watu husikia moja wakaziacha nyengine, mie siwezi kuziacha. Nkiguswa ghafla naruka. Uso wa mtu siujui kuusoma, kwa hiyo namuuliza. Akinijibu, namwamini, na nafanya alilolisema. Nkichoka maneno hupotea, lakini mikono haipotei.” Hapo ulinyamaza nikadhani umemaliza, nikaweka nukta. Ukasema, “Bado.” Kisha ukasema, “Na kazi hii naitaka.”

“Na wakikurudisha?”

“Ntarudi. Kisha ntaomba kwengine.”

Ukauliza tena kuhusu viatu. Nikasema chini. Ukatoka.

Nimekaa na maneno yako tangu hapo. Nimejaribu kuyaweka kwa Kiingereza, ili nikuandikie pembeni uwe nayo tayari, na yameingia bila kusukumwa, neno kwa neno, jambo ambalo halikuwahi kunitokea hospitali. Nimetafuta kama kuna pa kusahihisha. Nilitaka kuongeza kwamba u mtoto mwema, kwamba una adabu, kwamba baba yako kafanya kazi serikalini muda mrefu. Nimeyafuta.

Daktari wa mwanzo alikusemea, kisha nikakusemea mimi, na wote wawili tulisema nusu. Siku ya kupimwa, chumbani mle, hakutakuwa na mkalimani.

Baba yako